Kabla Soko la Frankfurt Halijafunguliwa

Tuliachana wiki iliyopita mlango wa lifti ukifunguka, msomaji wangu, na sauti ya mwanamke ikisema: "Hicho kiti ni cha mume wangu."

Wanaume wawili waligeuka kwa pamoja.

Mwanamke alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha lifti, katika ofisi ya madalali wa hisa, mtaa wa Al Sadd, Doha. Alivaa sare ya kijivu ya kazi za nyumbani, na juu yake abaya ya kuazima iliyokuwa ndefu kumzidi. Jasho la Juni lilikuwa limemkaukia usoni likaacha chumvi. Hakuna aliyemjua.

Kama unajiunga nasi leo, sikiliza haraka. Ni mwaka 2013. Dominiko, mlinzi kutoka Bungoma, alilala Jumapili katika nyumba ya wafanyakazi huko Umm Salal, asiamke. Kampuni yake ya ulinzi ilikataa kumsafirisha, ikisema mkataba wake ulikuwa umekwisha wiki hiyohiyo. Sasa yuko kwenye friji la hospitali. Akiba pekee inayoweza kumfikisha nyumbani ni ya chama cha walinzi wenzake, na akiba hiyo haiko benki. Ilinunua hisa za viwanda vya magari vya Ujerumani.

Chama kina kanuni. Hisa haziuzwi mpaka viongozi wawili kati ya watatu wakubali. Mwenyekiti, Japheth, alisema ziuzwe. Mweka hazina, Githinji, alisema zingoje. Kiongozi wa tatu alikuwa marehemu mwenyewe.

Na kanuni nyingine, waliyoileta kutoka nyumbani bila mtu kuikumbuka hadi siku hiyo: mjane hukalia kiti cha mumewe mpaka mumewe azikwe.

"Mume wako ni nani?" Githinji aliuliza.

"Dominiko."

"Wacha mchezo, mama. Dominiko hakuwa na mke. Nimelala kitanda cha juu yake miaka minne."

"Ulilala juu yake siku zingine," mwanamke alisema. "Ijumaa hakuwa wako."

Japheth aliziba mdomo kwa kofia ya kazi. Siku nyingine angecheka.

Jina lake lilikuwa Nasimiyu. Alifanya kazi kwenye nyumba moja ya kifahari hukohuko Umm Salal, ng'ambo ya barabara kutoka kwa walinzi. Viza yake ilisema hajaolewa. Bibi mwenye nyumba angesikia habari za mume, angemkatia tikiti ya kurudi siku hiyohiyo. Kwa hiyo walikutana Ijumaa baada ya misa, wakakaa benchi moja kama watu wasiojuana, wakala wali kutoka kopo moja.

"Leo umemwambia nini huyo bibi?" Japheth aliuliza.

"Nimemwambia ukweli. Amenipa mpaka adhuhuri. Baada ya hapo sijui."

Alisema hivyo kama mtu anayesoma bei ya nyanya. Hakuwa na chozi. Tangu Jumapili, alisema, hajalia. Amepiga pasi tu. Amepiga pasi mpaka mashuka yaliyokuwa yamenyooka.

Githinji hakulegea. "Maneno matamu, lakini mtu akifa ugenini, wake humea kama uyoga. Tupe kitu tuamini."

"Cheti kiko kwa mama yake. Picha sina, aliogopa simu yangu ishikwe." Nasimiyu akafikiri. "Lakini najua mlivyozichagua hizo hisa."

Githinji akamtazama Japheth.

"Mlihesabu magari," Nasimiyu alisema. "Kila mtu kwenye geti lake, mwezi mzima. Ijumaa jioni mnajumlisha. Ya Wajapani haya, ya Wamarekani haya, ya Wajerumani haya. Ya Wajerumani yakashinda. Mkaapa kutomwambia mtu. Mkaja hapa mkasema mmesoma magazeti ya biashara."

Kwenye meza ya dirishani, msichana aliyekuwa ameinamia skrini aliinua uso kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Huyo ndiye Nyanchama wetu. Shahada ya uchumi, miaka ishirini na sita, mwenyeji wa Kisii. Alikuwa ameitunza akaunti ya chama kile mwaka mzima akiwasifu wateja wake kimoyomoyo kwa uchambuzi wao.

"Japheth," alisema taratibu. "Mlihesabu magari?"

Mwenyekiti aliitazama kofia yake. "Sasa dada, sisi ndio tunafungua geti. Tukasema, nani anajua kuliko sisi ni gari gani linanunuliwa?"

"Na mwaka mzima tumepata faida!" Githinji alidakia. "Hata leo asubuhi nimefungulia moja jipya kabisa, viti havijatolewa nailoni. Sasa mnataka tuuze? Eti kwa sababu mzee fulani kule Washington ameongea jana? Amerika ni Amerika, manze. Ujerumani ni Ujerumani. Tungoje wiki moja, ipande kidogo, tumpeleke Dominiko kwa heshima na ng'ombe tununue."

"Na wiki hiyo yeye akae wapi?" Japheth aliuliza.

Githinji alitazama zulia.

"Basi mimi ndiye mke," Nasimiyu alisema. "Kiti ni changu au si changu?"

Japheth alivuta kiti kutoka mezani, akakipangusa kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. "Keti, mama. Ni chako."

Akaketi. Na hapo, msomaji, kura ya mtu aliyelala kwenye friji ikawa mikononi mwa mwanamke ambaye nusu saa kabla hawakujua kama yupo.

Wote walimngoja aseme: ziuzwe. Yeye akamgeukia Nyanchama.

"Mume wangu alikuwa anasema hisa hizi ni kama nyumba ya mawe. Sasa wewe msomi, nieleze. Mzee wa Washington ananihusu nini mimi?"

Nyanchama alianza alivyofunzwa. Alisema benki kuu ya Marekani imekuwa ikinunua bondi kila mwezi, riba ikashuka, wawekezaji wakatafuta faida katika masoko mengine...

"Dada." Nasimiyu aliinua mkono. "Sijalala tangu Jumapili. Niambie kama mtu."

Nyanchama aligeuza kiti kumwelekea. Lazima niseme jambo juu yake. Alikuja Doha na moyo mkubwa, akiamini kwamba elimu ya pesa inaweza kumlinda mtu mdogo. Lakini miezi mingi ya tarakimu nyekundu na kijani ilikuwa imemfanya kama mkono uliolaliwa: upo, ni wako, lakini ukiuchoma huusikii. Jumatatu alipoambiwa Dominiko amekufa alisema "pole sana" na kurudi kwenye skrini, akajishangaa.

"Wewe ulikuja huku kwa nini?" alimuuliza Nasimiyu.

"Kwetu kazi hailipi."

"Na siku kazi ya kwetu ikianza kulipa?"

"Ningekuwa nafanya nini hapa?"

"Basi pesa ya Marekani iko hivyohivyo. Kwao ilikuwa hailipwi, benki kuu yao iliifanya rahisi mno. Ikaondoka kutafuta kazi ughaibuni. Nyingine ikaingia Ulaya, ikanunua hisa za Frankfurt, zikapanda. Nanyi mkapanda nazo. Jana mkubwa wa ile benki amesema huenda kabla ya mwaka kuisha wakaanza kupunguza kuimwaga. Maana yake kwao kunakaribia kulipa."

"Amepunguza tayari?"

"Bado. Amesema tu."

"Na watu wanafunga mizigo kwa neno tu?"

"Ungesikia wote wanarudi nyumbani, ungengoja foleni ya uwanja wa ndege ijae?"

Nasimiyu aliitikia kwa kichwa polepole. Hilo alilielewa.

"Lakini magari bado yanapita!" Githinji alilalamika, sauti yake sasa ikiwa ya mtu anayemwomba mtu.

"Yatapita," Nyanchama alisema. "Kiwanda ni kizima. Anayeondoka ni mwenye pesa. Asia imekwisha kushuka asubuhi hii. Frankfurt inafungua saa nne yetu, na itafungua chini."

"Chini kiasi gani?"

"Kwa bei ya jana, mnampeleka Dominiko na mnabakiwa na kidogo. Ikifungua ninavyofikiri, mnampeleka na hambakiwi na kitu. Mkichelewa baada ya hapo, hamumpeleki."

Mashine ya hewa baridi ilivuma. Nje, ng'ambo ya kioo, mfanyakazi wa barabara alikuwa amefunika uso wote kwa kitambaa, macho tu nje.

"Wakala wa mizigo anataka uthibitisho wa mauzo kabla ya adhuhuri," Japheth alisema. "Ndege ni kesho. Hii ikimwacha, nafasi nyingine haijulikani."

"Ziuzwe," Nasimiyu alisema.

Githinji aliegemea ukuta, akateleza mpaka akachuchumaa. "Ziuzwe," alisema naye, ingawa kura yake haikuhitajika tena. "Nilitaka tu aende na ng'ombe. Alinifulia nguo nilipovunjika mkono."

Nyanchama aliandaa agizo. Vidole vilikwenda vyenyewe. Alikuwa karibu kumaliza Nasimiyu alipomshika kiwiko.

"Dominiko alisema hapa watu wadogo hungojeshwa."

"Nyinyi mmefika wa kwanza. Agizo lenu ndilo la kwanza leo."

"Litatoka la kwanza?"

"Litatoka la kwanza. Nakuahidi."

Ilikuwa ahadi ndogo. Aliitoa kama unavyomwahidi mtu kumshikia mlango. Foleni ni foleni, hata duka la mkate hulijua hilo.

Ndipo mlango wa ndani ulipofunguka, akatoka Philip.

Philip alikuwa meneja wa ofisi hiyo, Mkenya mwenzao, suti nyepesi, simu mbili. Ndiye aliyemtoa Nyanchama Nairobi, akamtafutia viza, akampokea uwanja wa ndege na chupa ya maji baridi. Walinzi wote walimpenda. Alikuwa akiwasalimu kwa majina.

"Japheth, kaka, geti lako linaangaliwa na nani?" alisema akitabasamu. "Au magari yameanza kujifungulia?"

"Nimemwachia mwenzangu kidogo, bosi."

"Poleni na msiba. Poleni sana." Kisha, bila kubadili sauti: "Nyanchama, simamisha maagizo yote madogo. Mteja wetu mkubwa ana hisa hizohizo, anatoka zote. Hataki mtu mbele yake sokoni. Hata mmoja."

"Kuna agizo limetangulia."

"Nimeona. Ni dogo. Lingoje nusu saa."

"Baada ya nusu saa na yeye akiwa ameuza zote, bei itakuwa imeanguka."

"Huwezi kujua."

"Philip," alisema Nyanchama, "wewe ndiye uliyenifundisha kujua."

Philip alivuta pumzi. Sikuambii kwamba alikuwa mtu mbaya, msomaji. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigiwa simu mara nyingi asubuhi ile na sauti ileile.

"Sikiliza. Yule akiondoka na akaunti yake, ofisi hii inafungwa. Watu kumi na wawili wanarudi Kenya. Nawe ukiwemo. Hilo si jambo dogo, au ni dogo?"

"Si dogo."

"Basi nisaidie nikusaidie." Akamgeukia Nasimiyu, akainama kidogo kwa adabu. "Mama, ikipungua chochote, nitaongeza kutoka mfukoni mwangu. Neno langu."

Wote walimtazama Nasimiyu. Ungekuwa mlango mzuri wa kutokea. Hata Japheth alionekana kupumua.

"Utampigia wakala wa mizigo sasa hivi?" Nasimiyu aliuliza. "Umwambie ni wewe utakayelipa?"

Philip alifungua mdomo. Simu moja ililia mkononi mwake. Alitazama jina, akaizima sauti.

"Nilidhani hutapiga," Nasimiyu alisema bila hasira. Kisha akaanza kukunja ile abaya ndefu isimkwaze, kama mtu anayejiandaa kwenda. "Tuondoke, mwenyekiti. Geti lako litakuletea shida."

Hakulaumu. Hakumtazama hata Nyanchama. Alikuwa mtu aliyezoea kuambiwa ngoja, naye sasa alikuwa akingoja akiwa amesimama.

Hapo kitu kikatokea ambacho hakuna aliyekitarajia. Githinji, yule aliyekuwa akipinga kuuza tangu alfajiri, alinyanyuka kutoka sakafuni, akaenda akasimama mbele ya lifti, miguu imepanuka, mikono nyuma, kama alivyosimama kwenye geti lake kila siku.

"Hakuna anayetoka," alisema. "Mama amekaa kwenye kiti. Kiti kimepiga kura. Dada ameahidi. Mimi nimesikia."

"Githinji, usinifanye niite walinzi," Philip alisema.

"Walinzi ndio sisi, bosi."

Philip alicheka kidogo, bila furaha, akasogea mpaka kwenye meza ya Nyanchama. Akaongea kwa sauti ya chini.

"Ukilituma lile agizo, usije Jumapili. Na unajua viza yako ni ya nani. Ukitoka kwangu, kampuni nyingine haikuchukui bila barua yangu, na barua sitaiandika. Utarudi Kisii. Utamwambia nini mama yako? Kwamba uliuza hisa za walinzi?"

Nyanchama aliangalia saa kwenye kona ya skrini. Frankfurt ilikuwa bado imefungwa. Maagizo ya kuuza yalikuwa yakijikusanya kutoka kila mahali, tarakimu zikishuka kimyakimya kabla hata mlango haujafunguliwa, kama watu wanaoteremka ngazi wakiwa na soksi.

Alingoja aogope. Hofu haikuja.

Alijaribu kumfikiria mama yake, chumba alichopanga mtaa wa Najma pamoja na dada wawili, kitanda, feni. Aliviona vyote, lakini kwa mbali, kama vitu vya mtu mwingine. Kitu pekee kilichokuwa karibu kilikuwa kiwiko chake, pale Nasimiyu alipokishika. Bado palikuwa na joto.

"Philip, ulinipokea uwanja wa ndege," alisema. "Sijasahau."

"Basi?"

"Basi samahani."

Akabonyeza.

Kitufe kilitoa mlio uleule kinaoutoa siku zote. Hakuna kilichotikisika. Mstari mmoja mdogo ulitokea kwenye skrini: agizo limepokelewa, nambari moja.

Japheth alikuwa akisema sala kwa Kiluhya. Githinji hakuondoka mlangoni.

Kisha Frankfurt ikafunguliwa.

Ilifunguka chini, kama alivyosema. Nambari zote ziligeuka nyekundu kwa mkupuo, Frankfurt, Paris, London, skrini nzima, kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja ng'ambo ya bahari mbili, ambaye hajawahi kusikia jina la Dominiko. Na katikati ya wekundu ule, mstari mmoja mdogo ukabadilika: zimeuzwa, zote.

Nyanchama alipiga hesabu kwa macho. Akapiga tena.

"Inatosha," alisema. "Kwa shida. Lakini inatosha."

Mashine ya kuchapa ilitoa uthibitisho. Nasimiyu aliupokea kwa mikono miwili. Aliutazama bila kuusoma, akaukunja, akauingiza ndani ya sare yake, kifuani. Aliketi tena kwenye kile kiti, na mabega yakaanza kutikisika, kwanza polepole, bila sauti, halafu kwa sauti.

Japheth alisimama nyuma yake, kofia mkononi. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tarakimu ziliendelea kushuka. Nyanchama hakuzitazama tena. Alivua mkanda wa kitambulisho shingoni, akauweka juu ya meza mbele ya Philip, na alipouachia aliona vidole vyake vinatetemeka. Alishangaa. Vilikuwa vyake. Vilikuwa vinasikia.

Philip hakuuchukua ule mkanda. Alikuwa amekodolea macho simu yake, iliyokuwa ikiwaka bila sauti, ikizima, ikiwaka tena. Mwishowe aliipokea, akaisikiliza.

"Mteja anauliza ni nani ametoka kabla yake," alisema, akifunika simu kwa kiganja. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nyanchama, nikisema ni kosa la mashine, atakubali. Nikisema ni mfumo wa London, atakubali. Utabaki na kazi. Nyamaza tu."

Aliondoa kiganja kwenye simu, akangoja.

Nyanchama alimtazama Nasimiyu aliyekuwa akilia. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete simu," alisema.

Philip hakuleta. Nyanchama akaichukua mwenyewe.

"Habari ya asubuhi, mheshimiwa. Aliyetoka kabla yako anaitwa Dominiko. Alifika wa kwanza. Na mimi niliyemtoa naitwa Nyanchama."

Upande wa pili sauti ya yule mteja mkubwa, polepole, ikasema: "Usiondoke hapo ulipo. Nakuja."